Joe Oliver na Mwanafunzi Wake

Wasikilizaji wetu, bila shaka wengi wenu mmepata kusikia sahani za santuri za Louis Armstrong. Leo twapenda kuwapa habari za mwalimu wake, Joe Oliver, ambaye watu walimpa jina la Mfalme.

Oliver alikulia katika mji wa New Orleans, Marekani ya kusini. Chombo chake kilikuwa koneti, ndiyo tarumbeta fupi, na alikuwa hodari wa kuiziba mdomo kwa kikombe hata sauti yake ikafanana na ya mtu aliaye. Armstrong, kijana maskini wa mji ule ule, alifundishwa naye, hata akapewa koneti yake kuukuu. Mwaka 1922 Oliver, aliyekuwa amekwisha kuhamia Chicago, alimpelekea simu aje apige koneti ya pili kando yake.

Mwezi wa Aprili 1923 bendi ilikwenda Richmond, jimbo la Indiana, kutiwa sauti katika sahani. Wakati huo umeme ulikuwa haujaanza kutumika katika kazi hiyo. Wapigaji walikusanyika mbele ya faneli kubwa, na sauti yao ikatikisa sindano iliyochora mistari katika nta, muda wa dakika tatu hivi. Reli ilipita karibu. Garimoshi lilipokuja, kazi ilisimama. Tena Armstrong alisimamishwa mbali na wenzake, kwani pumzi zake zilimfunika mwalimu.

Lil Hardin, bibi aliyepiga piano katika bendi hiyo, alisimulia baadaye kuwa Oliver alikiri kwamba kijana anamshinda, lakini maadamu yu pamoja naye hataweza kumtangulia. Sisi tulio walimu maneno hayo yatuchoma kidogo, maana twayajua mioyoni mwetu. Hardin aliolewa na Armstrong mwaka 1924, akamhimiza aondoke. Naye akaondoka mwaka huo huo.

Oliver aliendelea, lakini ufizi na meno vilimharibikia, nayo ni mambo mazito kwa mpiga koneti. Mwisho alikuwa mfagiaji katika nyumba ya mchezo wa biliadi mjini Savannah, akafa huko mwezi wa Aprili 1938.

Mkipata sahani ya 1923 iitwayo "Dippermouth Blues", sikilizeni koneti iliyozibwa mdomo, irudiayo mzunguko mara tatu. Huyo ndiye Oliver.