Dominika ya 25 ya Mwaka C: Wakili Ataulizwa



Injili ya leo yatuonyesha tajiri akimwita wakili wake na kumdai hesabu. Mali haikuwa ya wakili; alikabidhiwa tu. Tumezoea kuisikia Injili hii tukifikiri habari za fedha. Leo tufikiri uwakili ulio mzito zaidi: nguvu ambazo dola huwakabidhi watumishi wake juu ya mwili wa mgeni.

Tarehe 22 Septemba 1998, katika uwanja wa ndege wa Brussels, nchini Ubelgiji, askari walimpandisha ndegeni binti wa Nigeria, Semira Adamu, mwenye umri wa miaka 20, aliyeomba hifadhi akanyimwa. Alikuwa amefungwa pingu. Ili asipige kelele, waliukandamiza uso wake kwenye mto hata akazirai. Siku ile ile akafariki dunia. Mto ule haukuwa wazo la askari wale peke yao: maagizo ya serikali yaliuruhusu. Na polisi wenyewe walikuwa wakipiga picha za video.

Siku chache baadaye Waziri wa Mambo ya Ndani, Louis Tobback, alijiuzulu. Matumizi ya mto yakapigwa marufuku. Mwaka 2003 mahakama iliwatia hatiani askari wanne, ingawa vifungo vyao viliahirishwa.

Kanisa halikatai kwamba nchi ina haki ya kusimamia mipaka yake. Lakini haki ya kumrudisha mtu kwao si ruhusa ya kumtoa roho. Tena, hesabu inayoanza kudaiwa kaburini imechelewa. Ilipasa idaiwe siku maagizo yale yalipoandikwa mezani, na watu ambao mikono yao haikugusa mto.

Nasi tusijitoe, ndugu wapendwa. Askari hutumwa kwa jina la raia. Mgeni asiye na hati anapokamatwa mtaani kwetu na kupigwa, twasemaje? Tukisema, "Kajitakia mwenyewe," tumeshika ncha ya mto ule. Tuulize kwa heshima na bila woga: amepelekwa wapi? Nani anawajibika kwake? Je, ametibiwa?

Bwana, ambaye mawakili wote watasimama mbele yake, awape wenye silaha moyo wa kiasi, wenye madaraka ujasiri wa kujibu, nasi ujasiri wa kuuliza. Amina.