Msomaji Asisemewe, Aulizwe



Riwaya za kisayansi na riwaya za ajabu zimedharauliwa kwa muda mrefu. Wapo wasomi wanaoziweka katika fungu moja na hadithi za kuwalaza watoto, na wapo wazazi wanaoamini kwamba kijana anayesoma habari za vyombo vinavyosafiri baina ya nyota anapoteza wakati ambao angeutumia kufanya hesabu. Hata hivyo, ni vigumu kupata tawi jingine la fasihi ambalo wasomaji wake wamejadiliana, wakabishana na kuvihukumu vitabu vyao wenyewe kwa bidii kama hili. Historia ya mjadala huo ina mafunzo kwa kila ashikaye chaki darasani au kalamu ofisini, kwa sababu swali lililomo ndani yake si la vitabu peke yake. Ni swali la nani mwenye haki ya kutamka maoni ya watu wengi.

Mwezi Aprili 1926, Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg aliyehamia Marekani mwaka 1904, alitoa mjini New York toleo la kwanza la jarida la Amazing Stories, lililochapisha hadithi za kisayansi tupu. Mwaka 1927 alifungua ukurasa wa barua za wasomaji, na pamoja na jina la kila aliyeandika akachapisha anwani yake. Gernsback alikuwa mfanyabiashara, na bila shaka alitaka jarida lake linunuliwe. Lakini matokeo yalipita faida aliyoitafuta. Vijana waliokaa mbali mbali, kila mmoja akidhani kwamba ni yeye peke yake anayependa mambo hayo, walianza kuandikiana wao kwa wao bila kupitia kwa mhariri. Wakaunda vyama. Kuanzia mwaka 1930 wakapiga chapa vijarida vyao wenyewe. Mwezi Julai 1939 wakakutana New York katika mkutano wao wa kwanza wa dunia, na mwaka 1953, mjini Philadelphia, wakatoa kwa mara ya kwanza tuzo iliyopewa jina la Hugo. Tuzo hiyo haiamuliwi na jopo la maprofesa. Kila mwanachama aliyelipa ada ya mkutano ana kura yake.

Hapana budi kukiri kwamba si kila mtu alipendezwa na hukumu za wasomaji. Mwaka 1997 duka la vitabu la Waterstone's la Uingereza lilitangaza matokeo ya kura ya watu zaidi ya 25,000 walioulizwa ni kitabu gani kilicho bora kuliko vyote vya karne ya 20. Walichagua The Lord of the Rings cha J. R. R. Tolkien, riwaya ya ajabu iliyotolewa kati ya mwaka 1954 na 1955. Wahakiki kadhaa walikasirika na kusikitika hadharani. Mwaka 2003 shirika la BBC liliuliza tena umma kuhusu riwaya waipendayo, na jibu likawa lile lile. Wahakiki walikuwa na haki ya kupinga. Hawakuwa na haki ya kustaajabu kwamba watu walioulizwa wamejibu.

Hatari kubwa zaidi iko kwa wale wanaojibu kwa niaba ya wasomaji kabla wasomaji hawajaulizwa. Mwandishi Samuel R. Delany, Mmarekani mweusi, ameeleza yaliyompata kuhusu riwaya yake ya Nova, iliyochapishwa mwaka 1968. Mswada wake ulipelekwa kwa John W. Campbell, mhariri wa jarida mashuhuri la Analog, ili utolewe kwa mfululizo. Kwa maelezo ya Delany, Campbell aliukataa akisema kwamba hakuona wasomaji wake wangeweza kujihisi pamoja na shujaa mweusi. Itazamwe hoja hiyo kwa makini. Mhariri hakusema kwamba yeye ndiye asiyemtaka shujaa mweusi. Aliwabebesha wasomaji chuki ambayo hakuna aliyekuwa amewauliza kama wanayo.

Jibu lilichelewa, lakini lilikuja. Mwaka 2016 wapiga kura wa tuzo ya Hugo walimchagua N. K. Jemisin, mwanamke mweusi wa Marekani, kuwa mshindi wa riwaya bora. Mwaka 2017 wakamchagua tena, na mwaka 2018 wakamchagua mara ya tatu mfululizo, jambo ambalo hakuna mwandishi aliyelipata kabla yake. Bila shaka wasomaji wa 1968 si wale wa 2016, na yumkini baadhi yao wa zamani wangemkataa Delany kweli. Lakini ukweli huo ungejulikana kwa kuwapa hadithi waisome, si kwa kuwaficha.

Aidha, kura peke yake si kinga. Mwaka 2015 kundi moja lilipanga orodha ya kazi za kupendekezwa, likawahimiza wafuasi wake waifuate, na katika mafungu kadhaa likazijaza nafasi zote. Wanachama wengine walijibu kwa kupiga kura kwamba hapana anayestahili, na katika mafungu matano tuzo haikutolewa. Mwaka 2023 mkutano ulifanyika Chengdu, China, na takwimu zilipotolewa mwezi Januari 2024 ilionekana kwamba baadhi ya kazi zilizopendekezwa na wasomaji, miongoni mwake riwaya ya Babel ya R. F. Kuang, zilikuwa zimeondolewa pasipo sababu iliyoelezwa. Baadaye zilivuja barua zilizoonyesha kwamba wasimamizi kutoka Amerika ya Kaskazini ndio waliokuwa wamewapekua waandishi, wakitafuta lolote lingeloweza kuonekana nyeti kisiasa. Hapa tena watu wachache walisema kwa niaba ya wengi, tena gizani.

Je, mambo hayo yana uhusiano gani na mwalimu wa Kiswahili wa Tabora au karani wa wilaya ya Pangani? Yana uhusiano wa karibu. Lugha ya Kiswahili ina riwaya zake za ajabu, na tena zenye uzito. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, wakati Tanganyika ingali chini ya Waingereza. Ni nchi inayoelea hewani. Humo Karama anashitakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na maarifa ya kuifaa nchi, na badala ya shukrani wakatiwa gerezani. Wapo wanaosema kwamba kitabu hicho kiliwalenga wakoloni. Wapo wanaosema kwamba kinamhusu kila mtawala azibaye masikio. Na wapo wanaoona kwamba mwisho wake, ambapo haki inapatikana kwa hoja mbele ya mfalme, ni mwepesi mno. Mtumishi wa umma aliyewahi kupeleka kwa wakubwa taarifa ya kweli isiyopendeza ana la kusema juu ya wajumbe wale sita ambalo profesa hawezi kumsemea.

Vivyo hivyo Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka Kenya mwaka 1995. Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa, anarushwa angani katika chombo na kufika katika nchi isiyo na unyonyaji, ambayo jina lake lenyewe linamwambia msomaji kwamba wale ni sisi. Mzee aliyeishi katika kijiji cha Ujamaa miaka ya 1970 na mwanafunzi aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 hawawezi kuisoma riwaya hiyo kwa moyo mmoja. Mmoja atapima alichokiona, mwingine atapima alichosimuliwa. Kuwaweka wawili hao meza moja ni elimu ambayo hakuna kitabu cha mwongozo kinachoweza kuitoa.

Lakini mara nyingi darasani hali ni nyingine. Mwanafunzi hukabidhiwa orodha ya dhamira, akaikariri na kuirudisha katika mtihani, hata kama hakukifungua kitabu chenyewe. Akidiriki kusema kwamba Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, imemchosha au imemtisha, huambiwa kwamba hilo si jibu. Hilo ni jibu, tena ndilo mwanzo wa uhakiki, mradi aulizwe ukurasa gani uliomchosha na kwa nini. Kumkatiza ni kufanya alivyofanya yule mhariri wa Analog.

Wajibu basi ni mwepesi kutajwa na mgumu kutekelezwa. Mwalimu asikilize maoni ya darasa kabla ya kutoa yake. Maktaba ya shule iwe na daftari ambamo kila aliyemaliza kitabu ataandika hukumu yake na kutia jina lake. Watumishi wa ofisi moja wanunue nakala moja ya riwaya, waipokezane, kisha wakutane waijadili, mkubwa wa kazi akizungumza wa mwisho. Masharti ni mawili tu: asitoe maoni ambaye hakusoma, na aliyesoma asinyamazishwe.

Umma unaozoea kutoa hoja juu ya nchi inayoelea hewani hautashindwa kutoa hoja juu ya nchi unayoikanyaga.