Usipoziba Ufa: Kwa Nini Jino Lililooza Lizibwe Mapema

Mazungumzo ya elimu ya afya ya kinywa kwa wakazi wa Voi na Kaunti nzima ya Taita Taveta



Kuna jambo ambalo madaktari wa meno hukutana nalo kila mahali. Mgonjwa anaingia, anafungua karatasi aliyoikunja mfukoni, na ndani yake kuna kipande kidogo cheupe. "Daktari, ile dawa niliyozibwa jino imetoka." Jino lilizibwa, likatulia, na sasa tundu liko wazi tena. Mgonjwa anashuku kwamba dawa ilikuwa feki au daktari hakujua kazi yake. Wengine hukata tamaa na kusema, "Ling'oe tu, yaishe."

Mazungumzo haya yanahusu kipande hicho: kwa nini hutoka, wataalamu wamefanya nini ili kishike, na mkazi afanye nini ili kikae.

Suala hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa asilimia 23.9 ya watoto waliopimwa nchini na asilimia 34.3 ya watu wazima walikuwa na meno yaliyooza. Hiyo ni karibu mtoto mmoja kati ya wanne, na mtu mzima mmoja kati ya watatu.

Jino limejengwa vipi

Jino lina tabaka mbili ngumu. Ganda la nje, yaani enameli, ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Chini yake kuna dentini, ambayo ni laini kidogo. Madini yake ni kama asilimia 70 tu, na sehemu iliyobaki ni nyuzi za protini na maji. Dentini ina vijitundu vyembamba sana vinavyoelekea kwenye mshipa wa fahamu. Ndiyo sababu maji baridi yakiingia katika jino lililotoboka, mtu huruka.

Kuoza huanza hivi: vijidudu vya mdomoni hula sukari ya chai, soda, pipi na mabuyu ya rangi wanayopenda watoto, kisha hutoa asidi. Asidi huyeyusha madini ya ganda. Ikifika kwenye dentini huenda kasi, kwa kuwa humo ugumu wa kuizuia ni mdogo. Tundu dogo unaloliona juu linaweza kuwa pango kubwa ndani.

Funzo kutoka kwa fundi wa pancha

Mtazame fundi wa pancha akiziba mpira wa bodaboda. Hapaki gundi kwanza. Anakausha mpira, anaukwaruza kwa msasa hadi uwe na mikwaruzo, ndipo anapaka gundi na kubandika kiraka. Akiacha vumbi au maji, kiraka kitabanduka kabla pikipiki haijafika Mwatate.

Kazi ya daktari wa meno inafanana na hiyo. Mwaka 1955, daktari wa meno wa Marekani, Michael Buonocore, alionyesha kwamba ukipaka asidi ya fosfori kwenye enameli kwa muda mfupi kisha uioshe, uso wa jino unapata mikwaruzo midogo sana ambamo gundi huingia na kushika. Wazo hilo alilitoa viwandani, ambako asidi ya aina hiyo ilitumika kuandaa chuma kabla ya kupakwa rangi.

Dentini ilisumbua zaidi, maana ina maji. Mwaka 1982 mtafiti wa Japani, Nobuo Nakabayashi, alieleza jinsi gundi inavyopenya katikati ya nyuzi za protini na kukaukia humo. Hapo jino na gundi hufumana na kuwa tabaka moja, kama zege na vyuma vyake. Vizibo vyeupe vya leo vimejengwa juu ya ugunduzi huo.

Tatizo la ukuta mbovu

Majaribio mengi ya gundi hizo yalifanywa kwa meno mazima. Lakini anayekuja kliniki ana jino lililooza.

Ndani ya jino hilo kuna sehemu mbili. Ya juu ni laini, imelowa, imejaa vijidudu, na nyuzi zake zimeharibika. Hiyo huondolewa. Chini yake kuna dentini iliyoguswa na asidi ambayo bado haijafa, na ikifunikwa vizuri inaweza kurudisha nguvu. Zamani daktari alichimba mpaka afike pagumu kila upande. Siku hizi, katika tundu refu, wataalamu hushauri sehemu iliyo karibu na mshipa iachwe, kwa sababu kuichimba kunaweza kuufungua mshipa na jino likapotea.

Tabaka hilo linaloachwa ndilo linalosumbua gundi. Madini yake yamepungua. Lina unyevu mwingi kuliko dentini nzima. Vijitundu vyake vingi vimezibwa na chembe za madini, kwa hiyo gundi haipenyi sawasawa. Zaidi ya hayo, jino lenyewe lina vimeng'enya vinavyokatakata nyuzi ambazo gundi haikuzifunika. Ukuta uliokuwa imara siku ya kwanza unalegea polepole. Majaribio ya maabara yameonyesha mara nyingi kwamba gundi hushika dentini ya aina hii kwa nguvu ndogo kuliko inavyoshika dentini nzima.

Watafiti wanaendelea kutafuta suluhu. Wapo wanaopaka dawa ya klorheksidini kabla ya gundi ili kupunguza kasi ya vimeng'enya. Wengine wametengeneza gundi zenye kemikali inayoshikana moja kwa moja na kalsiamu ya jino. Hata hivyo, pale kalsiamu ilipopungua, gundi nayo inapata pa kushika padogo. Ndiyo maana daktari makini husafisha kingo za tundu hadi zifike kwenye jino gumu, hata akiacha sehemu laini kidogo chini. Kingo ndizo zinazobeba kizibo na kuzuia vijidudu visirudi. Jino likichelewa hadi kingo zenyewe ziishe, gundi haina pa kushika.

Njia iliyoanzia kwa majirani

Dunia nzima inatumia njia moja ya kuziba meno iliyoanzia Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, daktari wa meno Mholanzi, Jo Frencken, alikabili hali ambayo vijiji vingi vya huku vinaijua: wagonjwa wapo, meno yameoza, lakini umeme wa kuendesha mashine ya kuchimba haupo. Ikatumika njia ya kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono na kuziba tundu kwa simiti ya meno inayoshika jino yenyewe.

Baadaye njia hiyo ilijaribiwa Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa nchi zote. Simiti inayotumika sana leo huitwa glasi ayonoma. Inashikana na madini ya jino bila gundi nyingine, inavumilia unyevu kidogo, na hutoa floraidi taratibu. Haina nguvu ya kizibo cheupe cha resini kwenye meno yanayotafuna sana, lakini kwa tundu dogo, na kwa mtoto anayeogopa mashine, inafaa. Mwaka 2021 Shirika hilo liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu.

Gundi bora zina sababu nyingine. Kizibo cha zamani cha rangi ya fedha, yaani amalgamu, kina zebaki na hakishikani na jino. Daktari hulazimika kuchonga hata sehemu nzima ili kipate kukaa. Mwaka 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kwamba kisitumike kwa watoto wa chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona ni lazima. Kwa hiyo vizibo vinavyoshika kwa gundi ndivyo vitakavyowahudumia watoto wa leo.

Mkazi afanye nini

Kwanza, njoo mapema. Ukiona doa jeupe lisilong'aa, doa la kahawia, au chakula kinanasa mahali pamoja kila siku, usingoje maumivu. Jino linalouma usiku kucha huenda tayari limefika kwenye mshipa, na hapo kuziba tu hakutoshi.

Pili, usijitibu kwa vitu vikali. Maji ya betri huunguza, na aspirini iliyobandikwa kwenye ufizi huacha kidonda. Mafuta ya karafuu hutuliza maumivu kwa muda, lakini yana yujenoli, kemikali inayoweza kuzuia resini isikauke vizuri. Kama umeyatumia, mwambie daktari kabla hajaanza.

Tatu, msaidie daktari kuweka jino kavu. Pamba na mpira wa kunyonya mate vinakera, lakini mate yakigusa jino kabla ya gundi, kazi imeharibika. Ukitaka kutema, inua mkono kwanza.

Nne, kizibo kikilegea au kikitoka, rudi. Kutoka kwake hakumaanishi kwamba jino limekwisha. Uliza: "Kingo bado ni nzima? Linaweza kuzibwa tena?" Ni haki yako kupata jibu kabla ya kukubali kung'olewa.

Tano, piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu apakiwe kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere. Meno ya utotoni nayo yazibwe. Mtoto anayeumwa jino hali vizuri na hasomi vizuri.

Wakazi wa Voi waanze kuulizia katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi. Walio mbali wamwone mhudumu wa afya ya jamii au wafike kituo cha afya kilicho karibu, waelekezwe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa jino hali ni ngumu zaidi, kwa sababu ukuta wa jino ukishaanguka haujengwi upya. Watafiti wataendelea kuboresha gundi, lakini hakuna hata moja leo inayoshika jino bovu kama inavyoshika jino zima. Mkazi anayekuja tundu likiwa dogo humwachia daktari jino la kutosha kufanyia kazi.