Somo la Gari: Kupanga Meno ya Difu

Wewe unayesoma ukurasa huu bila mwalimu karibu, soma polepole, na neno likiwa gumu lirudie mara ya pili kabla ya kuendelea. Weka daftari na kalamu karibu, maana leo tuna hesabu tatu au nne. Hazizidi kuzidisha na kugawanya.

Chungulia chini ya gari, upande wa nyuma. Katikati ya ekseli utaona uvimbe wa chuma, mviringo kama kibuyu. Ndani ya kibuyu hicho mna difu. Andika neno hilo: di-fu. Kazi yake ni mbili. Ya kwanza, kupokea nguvu inayokuja na propela na kuigeuza iende kulia na kushoto, mpaka kwenye magurudumu. Ya pili, kuyaacha magurudumu hayo mawili yaende kwa mwendo usio sawa.

Kwa nini mwendo usio sawa? Tufanye hesabu. Tuseme kutoka gurudumu la kushoto mpaka la kulia ni mita 1.4. Gari likizunguka mti duara moja zima, gurudumu la nje hutembea zaidi kuliko la ndani. Zaidi kiasi gani? Zidisha 2 kwa 1.4, upate 2.8. Zidisha kwa 22, kisha gawanya kwa 7. Jibu ni mita 8.8. Basi kama magurudumu yangefungwa pamoja kwa chuma kimoja, kila kona moja lingeburutwa chini, na mpira ungelika upesi. Mfaransa mmoja, fundi wa saa, jina lake Onésiphore Pecqueur, alilitatua jambo hili kwa gari la mvuke mwaka 1827. Mtu aliyezoea vigurudumu vya meno vya saa hakushindwa na vya gari.

Ndani ya difu mna gia nyingi, lakini leo twashughulika na mbili tu. Ya kwanza ni pinioni, ndogo, imekaa mwisho wa mti unaoungana na propela. Ya pili ni krauni, duara kubwa kama sahani, nayo huzungushwa na pinioni. Katika pikapu nyingi za Toyota Hilux za miaka ya 1980 krauni ina meno 41 na pinioni meno 10. Gawanya 41 kwa 10: jibu ni 4.1. Maana yake propela huzunguka mara nne na kidogo ili gurudumu lizunguke mara moja. Mwendo unapungua, nguvu inaongezeka.

Labda utauliza, kwa nini 41, si 40? Ingekuwa 40, jino la kwanza la pinioni lingekutana na meno yale yale manne ya krauni siku zote. Kwa 41 kila jino hukutana na kila jino kwa zamu, nayo hulainishana na kulika sawasawa. Napenda sana hesabu hii. Jino moja tu limeongezwa, na faida yake ni ya miaka mingi.

Sasa nikwambie jambo lililonifika mwenyewe. Pikapu yangu ilianza kulia nyuma, sauti nyembamba kama ya nyuki, na kila nikikanyaga mafuta sauti ilipanda. Nilikuwa nimesoma kidogo, nikajiona fundi. Nikafungua difu, nikatia beringi mpya, nikaikaza nati ya pinioni kwa nguvu zangu zote. Mti ukawa mzito kuzunguka. Nikasema, si neno, nitailegeza kidogo. Nikalegeza robo mzunguko, mti ukawa mwepesi, nikafurahi. Wiki ya tatu nilipakia magunia ya mchele kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, na mdogo wangu amekaa juu ya magunia. Kwenye kona moja ya mlima nikasikia mlio wa chuma kuvunjika. Injini ilinguruma, gari halikwenda. Kisha likaanza kurudi nyuma, na gia haikuzuia kitu, maana meno ya pinioni yalikuwa yamekatika. Breki ya mguu ilishika. Mdogo wangu aliruka, akatia mawe nyuma ya magurudumu. Chini ya barabara palikuwa na korongo.

Kosa langu lilikuwa wapi? Baina ya beringi mbili za pinioni mna bushi nyembamba iliyotengenezwa makusudi ipondeke. Ukikaza nati, bushi hupondeka kidogo kidogo na kuisukuma nati isilegee. Ukiipitisha kiasi, imekwisha kuwa fupi. Ukilegeza nati, hakuna tena kinachoisukuma. Beringi hulegea, pinioni husogea mbele na nyuma, na meno hugongana kwa ncha. Kwa hiyo shika jambo hili: ukikaza kupita kiasi, usirudishe nati. Fungua, itoe bushi ile, utie mpya. Bei yake ni ndogo.

Haya, tuanze kazi. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu ya mbele yazibwe kwa mawe. Ukiinua kwa jeki, weka vigingi vya chuma chini ya chasisi kabla hujaingiza kichwa chako. Jeki peke yake isiaminiwe hata dakika moja. Mwaga mafuta ya difu katika karai safi, uyatazame. Uji mwembamba wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida.

Toa hafushafti za pande zote mbili, utoe propela, kisha fungua nati zinazozunguka kibuyu. Kichwa cha difu kitatoka mbele, na pinioni na krauni zikiwa pamoja. Ni kizito, mwite mwenzako. Kabla ya kufungua vifuniko vya beringi vya pembeni, tia alama ya nukta kwa patasi ndogo, moja kushoto na mbili kulia. Vifuniko hivyo vilichongwa pamoja na kichwa chake, havibadilishani nafasi. Vilevile krauni na pinioni huzaliwa pacha. Zilisagwa pamoja kiwandani, na mara nyingi utaona nambari moja imechorwa juu ya zote mbili. Muuza vipuri akikwambia chukua pinioni peke yake, mwambie asante, uende zako.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, ukaushe. Sasa inakuja kazi yenyewe, nayo ni kuipa pinioni kina chake. Nyuma ya kichwa cha pinioni, chini ya beringi, mna duara jembamba la chuma ambalo mafundi huliita shimu. Ukitia shimu nene, pinioni husogea kuikaribia krauni. Ukitia nyembamba, hujitenga nayo. Anza na shimu ile ile uliyoikuta. Kwa majaribio usitie bado ile bushi ya kupondeka wala oili sili. Kaza nati taratibu mpaka mti uwe na uzito kidogo.

Uzito huo hupimwa, haukisiwi kwa mkono kama nilivyofanya mimi. Ukikosa chombo chenyewe, viringisha kamba kwenye flenji ya pinioni, ufunge mwisho wake kwenye mizani ya ndoano, uvute polepole. Tazama mizani wakati mti unazunguka, si pale unapoanza kuzunguka. Tuseme kitabu cha gari lako kinataka kilo-sentimita 12, na kutoka katikati ya flenji mpaka kwenye kamba ni sentimita 4. Gawanya 12 kwa 4. Mizani ionyeshe kilo 3. Lakini namba ya kweli itoke katika kitabu cha gari lako, si katika somo langu, na beringi mpya zina namba yake, za zamani zina yake.

Rudisha krauni mahali pake. Pembeni mna nati mbili kubwa za duara, kushoto na kulia. Ukilegeza moja na kukaza ya pili kwa kiasi kile kile, krauni huhama. Ikikaribia pinioni, nafasi baina ya meno hupungua. Ikienda mbali, huongezeka. Nafasi hiyo mafundi huiita plei. Kwa difu ile ya Hilux niliyoitaja, plei iwe kati ya milimita 0.13 na 0.18. Ni unene wa karatasi mbili hivi za gazeti, lakini usipime kwa gazeti. Azima kipimo chenye uso kama wa saa, kikae wima juu ya jino, ushike pinioni isiende, utikise krauni. Pima mahali patatu au zaidi kuzunguka duara.

Plei ikiwa sawa, bado hujamaliza. Mtu anaweza kupata plei nzuri na pinioni ikawa mahali pabaya. Ndiyo maana twapaka rangi. Chukua rangi nzito ya mafundi, upake meno manne au matano ya krauni, kisha zungusha mbele na nyuma huku mwenzako akiizuia krauni kidogo kwa kipande cha mti. Pinioni itafuta rangi pale inapogusa, na alama ile utaisoma kama unavyosoma herufi. Tazama mgongo wa jino, upande uliotuna, kwa kuwa ndio unaosukumwa gari liendapo mbele.

Alama ikiwa katikati ya jino, vema. Ikiwa chini, kwenye shina la jino, pinioni imeingia mno, punguza shimu. Ikiwa juu, kwenye ncha, pinioni iko mbali; ongeza shimu. Hapa wengi hugeuza mambo, basi liandike daftarini kwa herufi kubwa. Alama ikisogea kwenye upande wa ndani wa krauni, iondoe krauni kidogo kutoka kwa pinioni. Ikisogea upande wa nje, ikaribishe. Kisha pima plei tena, upake rangi tena. Mimi nilipofanya kwa mara ya pili nilirudia mara sita, na siku mbili zikapita.

Kila ubadilishapo shimu lazima beringi itoke kwenye mti, nayo hutoka kwa presi, si kwa nyundo. Mafundi wenye akili huichukua beringi ya zamani, huisaga tundu lake mpaka ipite kwa mkono, wakaifanya ya majaribio. Alama ikiisha kuwa nzuri ndipo huipiga presi beringi mpya.

Mwisho tia bushi mpya, oili sili mpya na nati mpya. Kaza kidogo, pima. Kaza kidogo, pima. Mafuta yawe ya difu, na kopo liandikwe GL-5. Mafuta ya injini hayatoshi, kwa kuwa meno ya difu hii hutelezeana kwa shinikizo kubwa. Safari ya kwanza iwe ya kilomita 20 au 30 bila mzigo, kisha liache gari lipoe. Kwa kilomita 500 za kwanza usipakie magunia, halafu badilisha mafuta.

Hesabu ya nyumbani. Bwana mmoja ana pikapu inayovuta magurudumu yote manne. Difu ya mbele ina meno 41 na 10. Amepata kichwa cha nyuma kwa bei rahisi, meno 43 na 10. Magurudumu yakizunguka mara 100, propela ya mbele itazunguka mara ngapi, na ya nyuma mara ngapi? Toa. Kisha ukumbuke kwamba akivuta gia ya magurudumu manne, propela hizo mbili hufungwa pamoja ziende mwendo mmoja. Andika katika daftari ni kitu gani kitakachovunjika kwanza akiwa juu ya lami kavu, na kama anunue au aache.

Kwa herini mpaka somo lijalo, tutakaposoma habari za breki.