Shawa Ikipiga Shoti, Si Jambo la Kawaida

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa kwa wakazi na wenye nyumba za kupangisha kuhusu usalama wa umeme majumbani.



Wapangaji wengi husema shawa yao "inapiga shoti kidogo tu", kisha wanaendelea kuoga. Shoti hiyo ni onyo. Taa zinaweza kuwaka na maji yakapata moto ilhali nyumba haina waya wa ardhini. Kasoro hiyo haijulikani mpaka siku kifaa kitakapoharibika.

Umeme wa majumbani nchini Kenya ni volti 240. Waya wa moto ukigusa chuma cha hita, waya wa ardhini, wenye rangi ya kijani na manjano, huupa umeme njia ya kupita. Mkondo hupanda ghafla na swichi ya kinga hujikata. Bila waya huo, chuma hubaki na umeme kikisubiri mkono wa mtu, na ngozi iliyolowa hupitisha umeme kwa urahisi.

Hata hivyo, chuma cha ardhini kilichozikwa kwenye udongo mkavu huenda kisipitishe mkondo wa kutosha kukata swichi ya kawaida. Kwa hiyo nyumba iwekewe pia swichi ya kuzuia uvujaji wa umeme. Hiyo hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, hukata mara moja. Ina kitufe cha majaribio chenye herufi T. Kibonyezeni mara kwa mara. Umeme usipokatika, mwiteni fundi.

Pili, mabomba ya chuma ya maji na gesi yaunganishwe na mfumo huo wa ardhini. Anayeshika mfereji kwa mkono mmoja na hita kwa mwingine asigeuke kuwa daraja la umeme.

Tatu, hita iwe na swichi yake nje ya bafu, inayokata nyaya zote mbili. Swichi ya taa hukata waya mmoja tu. Hita ya kilowati 5 huvuta takriban ampea 21, hivyo isiunganishwe kwenye nyaya za taa. Fundi anapoifungua, azime umeme, ahakikishe hakuna atakayeuwasha, kisha apime kwa testa kabla ya kugusa.

Wenye nyumba, tumieni fundi mwenye leseni ya mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, na akimaliza awape cheti cha kazi. Waya wa ardhini usiachwe ili kupunguza gharama.

Nanyi wapangaji, mkihisi mtetemo kwenye shawa au mfereji, zimeni swichi kuu, msioge, na mmjulishe mwenye nyumba siku hiyo hiyo.