KUCHAGUA FREMU YA BAISKELI

Leo tumfikirie mtu anayetaka kujiundia baiskeli ya mbio. Ataanza na nini? Ataanza na fremu, maana fremu ndiyo mifupa ya baiskeli.

Fremu nyingi siku hizi ni za alumini. Kipande cha alumini kina uzito wa karibu theluthi moja tu ya kipande cha chuma chenye ukubwa ule ule. Tena hakishiki kutu kama chuma. Ukitaka kuijua alumini, leta sumaku: haiinasi.

Kwanza, tazama kipimo. Fremu ndefu mno itakuumiza mgongo na shingo, hata ikiwa nzuri namna gani.

Pili, tazama viungo. Ikiwa fremu imekwisha kutumika, ifute vumbi, kisha pitisha kidole polepole pale mabomba yalipounganishwa: chini ya usukani, chini ya kiti, na penye ekseli ya pedali. Je, umeona ufa mwembamba kama unywele? Iache, hata ikiwa bei yake ni rahisi. Alumini huchoka kwa mitikisiko mingi, na ufa wake hukua. Fundi akiuchomelea tu, moto hupunguza nguvu ya alumini mahali pale pale. Fremu ikikatika mteremkoni, mpandaji huweza kufa.

Mwisho kabisa, tazama rangi.

Sasa andikeni: fremu, alumini, kiungo, ufa. Kisha jibuni: Kwa nini tunatazama viungo kabla ya rangi?