Rozimari Inayotambaa Haitaki Maji Mengi

(Haya ni mazungumzo waliyopewa wahitimu wa kisomo, Tukuyu, wilaya ya Rungwe.)



Leo tuzungumze juu ya rozimari, hasa ile inayotambaa. Hii haisimami kama kichaka. Matawi yake hulala chini, na ukiipanda juu ya ukuta wa mawe hushuka kama pazia. Majani yake tunatia kwenye nyama na viazi. Nyuki nao hupenda maua yake.

Wengi mmenunua mche kwa fedha zenu, ukafa kabla ya mwaka. Mkasema ni baridi. Siyo baridi, ndugu zangu. Ni maji.

Mmea huu kwao ni pwani za bahari ya Mediterania, penye mawe na jua kali, na kiangazi cha huko ni kikavu kabisa. Sisi hapa tunapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mizizi ikikaa ndani ya maji inakosa hewa, inaoza. Majani yakinyauka mtu anadhani mmea una kiu, anakwenda kuchota ndoo nyingine! Hapo ndipo anaumaliza. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole ardhini. Kama kuna unyevu, acha.

Basi tufanyeje? Usipande bondeni, wala chini ya bati linapodondosha maji, wala katikati ya migomba. Najua, hapa kwetu kupata mahali pasipo na mgomba ni kazi. Lakini tafuta, maana rozimari inataka jua saa 6 au zaidi kwa siku. Inua tuta. Changanya udongo na mchanga na yale mawe mepesi ya volkano, ambayo Rungwe hatuyakosi. Udongo wetu una tindikali, yaani uchachu, ndiyo maana chai inastawi. Kwa rozimari upunguze uchachu huo kwa konzi moja ya majivu ya kuni. Samadi weka kidogo tu. Huu si mgomba.

Tena msinunue miche. Kata ncha changa ya tawi, sentimita 10 hadi 15, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Baada ya wiki 4 hadi 8 itakuwa na mizizi. Hamishia tutani Mei au Juni, mvua kubwa zikipungua, ishike vizuri kabla hazijarudi Novemba. Acha mita 1 kati ya mche na mche.

Ukipogoa, kata sehemu zenye majani tu. Shina kuukuu lisilo na majani ukilikata, kwa kawaida halichipui tena.

Na ule ambao mizizi imekwisha oza? Huo hauponi. Chukua ncha ambazo bado ni kijani, anza upya, mahali pengine.

Vipandikizi viko kwenye karai pale mlangoni. Kila mtu achukue viwili.